Maharagwe Yasiyo na Mawe

Tulimzika Madam Njoki huko Theta, Jumamosi ya vumbi, kwenye shamba la ndugu yake ambalo nusu yake ilikwishauzwa vipande vipande na kujengwa nyumba za kupangisha. Wapangaji waliegemea kingo za roshani wakatutazama kama watu wanaotazama mechi. Mshereheshaji alikuwa kijana wa suti ya buluu. Baada ya wimbo wa pili alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mshauri wa wanafunzi maisha yake yote, kwamba ameokoa watoto wengi katika shule nyingi, na kwamba bila shaka yupo hapa hata mmoja ambaye angependa kusimama atoe ushuhuda. Akangoja. Nilizitambua nyuso kadhaa chini ya hema lile, wanawake wa rika langu, mmoja na mtoto mgongoni, mwingine amevaa sare ya benki. Kila mmoja alikuwa akitazama viatu vyake. Kijana alicheka kidogo, akasema labda wanaona haya, akaita kwaya. Nyuma yangu mama mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba, kumbe, kazi yote hiyo na hakuna hata mtu mmoja wa kumsemea. Niligeuka nusu nimjibu, kisha nikaacha. Ningelazimika kumweleza mwaka mzima, na mwaka wenyewe ndio huu.

Nilikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya Thika, mahali ambapo upepo ukitoka mashambani ulileta harufu tamu ya mananasi yaliyoiva kupita kiasi, na ukitoka mjini ulileta moshi wa viwanda. Nilikuwa kiranja wa maakuli. Cheo hicho kilinipa ruhusa ya kuingia jikoni, na kikanifanya mtu wa kulaumiwa kwa ajili ya mawe. Githeri yetu, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ilikuwa na mawe. Sisemi changarawe mbili tatu. Kila meza ilikuwa na msichana aliyevunjika jino, au aliyedai hivyo ili apewe ruhusa ya kwenda mjini. Waliniita Kokoto. "Kokoto, leo umetupikia barabara ya wapi?" waliniuliza nikipita na sufuria. "Hii ya Garissa Road ama ile bypass?" Nilicheka nao. Ukumbi wa chakula ulikuwa na paa la mabati na madirisha yasiyo na vioo, na kicheko cha wasichana wote wale kilipogonga mabati kilikuwa kama mvua ya ghafla. Hadi leo nikiketi mezani na watu, naangalia sahani kabla ya kuangalia nyuso. Nilijifunza hapo kwamba mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo na kwa macho, lakini ni wachache wanaoweza kukudanganya kwa sahani.

Madam Njoki alikuja muhula wa kwanza. Kabla yake hatukuwa na mtu wa kazi hiyo. Tulikuwa na mwalimu wa ushauri nasaha ambaye pia alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, na ambaye pia ndiye aliyekuandikia barua ya kurudi nyumbani umlete mzazi. Jina lako likiitwa gwarideni uende kushauriwa, wenzako walianza kugawana sabuni zako. Kwa hiyo Madam alipotambulishwa kama mfanyakazi wa ustawi wa jamii, tulipiga makofi ya adabu na tukaapa kutomkaribia. Walimpa stoo ya zamani ya somo la upishi, chumba chembamba kati ya jikoni na njia ya vyoo, chenye rafu tupu na harufu ya dawa ya wadudu wa mahindi. Nilimhurumia. Yeye alikipenda. Alisema shuleni hapa kila mtu lazima ale na kila mtu lazima aende choo, sasa angetaka ofisi wapi tena? Lakini wiki zilipita na hakuna aliyeingia. Alikaa karibu na mlango na kikombe chake cha strungi, chai isiyo na maziwa, mwanamke mnene wa makamo mwenye sweta la kijani, akitusalimu mmoja mmoja, nasi tukiitikia kwa mwendo wa haraka.

Kisha siku moja aliingia jikoni akaomba debe la maharagwe. Alimwambia mpishi kwamba amechoka kukaa bure, atayachambua mwenyewe. Mpishi hakuamini bahati yake. Madam akanivuta kando karibu na mapipa ya unga, akasema, "Wairimu, wewe unaona sahani. Nitumie mtu yeyote asiyekula. Usimwambie kwa nini. Mwambie ni zamu yake."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Nilimpa msichana beseni la maharagwe, nikamwambia apeleke kwa Madam amsaidie, naye alienda akinung'unika kwamba mimi namchukia. Ndani kulikuwa na mikeka miwili na kifuniko cha kopo la kutupia mawe. Ukichambua maharagwe huwezi kumtazama mtu usoni, wala yeye hawezi kukutazama. Mikono ina kazi. Ukinyamaza, ukimya wenu una sauti, jiwe linaanguka kwenye bati, tena lingine. Madam hakuuliza una shida gani. Aliuliza kwenu mnapika nini Jumapili, nani anapika, nani anapakuliwa kwanza. Na msichana aliyeanza kwa kueleza mchuzi wa nyanyake angejikuta, bila kujua alipita njia gani, anaeleza kwa nini siku hizi hakuna anayepika pale. Nilienda mimi mwenyewe pia, na beseni langu, wiki ambayo mambo ya nyumbani Ruiru yalinielemea. Nilichambua hadi vidole vikawa na vumbi jeupe. Nilipotoka hakuna aliyeniuliza kitu, kwa sababu nilikuwa nimebeba maharagwe.

Kufikia muhula wa pili githeri haikuwa na mawe. Mezani mtu alitafuna kwa tahadhari, akasimama, akaendelea, halafu mwingine kutoka meza ya mbali akasema, "Leo ni laini. Mtu amelia vizuri." Walicheka, lakini hakuna aliyesema ni nani, na hata wale wenye midomo mirefu hawakuwahi kuuliza. Ikawa desturi yetu, isiyoandikwa na mtu yeyote: msichana mwenye beseni haulizwi.

Mumbua alitoka Ngoliba, ile sehemu kavu ya chini ambako ardhi ni nyekundu na mbuzi wanapanda vichaka. Aliporudi kutoka likizo ya Aprili alikuwa amemzika baba yake. Hakuacha kula waziwazi. Aligawa chakula chake kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, hata watu wakamwona mkarimu. Ilinichukua muda kugundua. Nilipompa beseni alilipokea kwa mikono miwili na kusema, "Asante," kana kwamba alikuwa akilingoja. Alienda siku nyingi. Ukuta kati ya stoo na jikoni ulikuwa wa mawe hadi kifuani, na juu yake mbao tu, na jioni moja nikipima mahindi nilimsikia akisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma tangazo, "Tuliambiwa tuseme ni presha."

Baba yake alikuwa amejiua. Mumbua ndiye aliyemkuta kwenye stoo ya mahindi. Kanisa lao halikuzika watu wa namna hiyo: hakuna pasta, hakuna wimbo, shimo tu na watu wa nyumbani. Kwa hiyo baba yake mdogo, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alisimama mbele ya pasta akasema ni presha, na ndugu yake akazikwa kwa kwaya na maua. Halafu akawakusanya watoto akawaambia kwamba kuanzia siku hiyo wote wanajua ni presha. Nilisimama na kipimo cha mahindi mkononi nikisikiliza mawe yakianguka kwenye bati upande wa pili. Madam hakusema pole. Alisema, "Umekaa na hilo peke yako." Na Mumbua akasema ndiyo.

Wiki kadhaa baadaye alikuja kwenye foleni, akasukuma sahani yake mbele yangu, akasema, "Kokoto, ongeza." Nilimwongezea hadi ikamwagika. Sijawahi kupika kitu, wala kuandika kitu, kilichonipa furaha kama ile.

Mwalimu mkuu, Bi. Muthoni, hakuwa mtu mbaya. Aliona kwamba mabweni yametulia na kwamba wasichana waliokuwa wakizimia ovyo wameacha kuzimia, akataka kazi ile iwe kubwa. Alitaka jengo lenye viti vya kukalia, washauri wengine wawili, na kipindi kwa kila darasa kuanzia kidato cha kwanza. Madam naye alitaka hivyo hivyo, tena kuliko yeye. Alikuwa peke yake na shule nzima. Siku nyingine foleni ya mabeseni ilifika mlango wa jikoni, na maharagwe yote yalikuwa safi tayari, ikabidi arudishe mawe yale yale ndani ili wasichana wapate cha kutoa. Alikuwa amekonda. Wa kukubali au kukataa walikuwa wazazi, na wazazi wa kidato cha nne wangekuja siku ya maombi ya kabla ya mtihani, pamoja na bodi.

Niliyasikia maneno yao nikiwa kwenye korido ya jikoni. Bi. Muthoni alisema wazazi hawatoi kitu kwa ajili ya kitu wasichokiona, kwa hiyo apewe msichana mmoja tu, asimame, atoe ushuhuda. Madam akasema atasimama yeye. "Wewe unalipwa," Bi. Muthoni alijibu. "Nani atakuamini?"

"Wakisimama, hawatarudi."

"Kanisani watu wanasimama kila Jumapili, Njoki. Hakuna aliyekufa."

Madam alikataa kumpa jina. Bi. Muthoni akakusanya watahiniwa mwenyewe, akauliza nani anajitolea. Mumbua akainua mkono. Usiku ule bwenini nilimuuliza ameingiwa na nini, akasema, huku akikunja soksi zake, kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwomba aongee. Kwao huwa anaombwa kunyamaza. Madam alimwita siku iliyofuata akamwambia anaweza kujitoa, na kama hataki kujitoa, aseme jambo moja tu, kwamba alikuwa hapati usingizi na sasa analala. Wakakubaliana hivyo.

Siku ya maombi ilikuwa na jua kali. Wazazi walikuja na kuku kwenye karatasi za foili, soda, na mandazi kwa ndoo. Baba mdogo wa Mumbua alikuja na koti zito la kahawia, akamletea kalamu mpya na kasha la vifaa vya hesabu ambalo bado lilikuwa na plastiki yake. Alinishika mkono akanishukuru kwa kumlisha mtoto wao, akasema anaona amenona. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi nilitaka kumkumbuka kama mtu mkatili, na siwezi. Tuliketi chini ya hema, tukainua kalamu zetu juu, na pasta mgeni akaziombea zisikwame, zisisahau, ziandike yaliyo kweli. Halafu Bi. Muthoni akamwita Mumbua mbele.

Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, kama alivyoshika beseni siku ya kwanza. "Niliambiwa niseme nalala vizuri," alianza. "Nalala vizuri." Watu wakacheka kwa upole. Nilidhani amemaliza. Akaangalia mahali alipoketi baba yake mdogo. "Lakini baba yangu hakufa na presha. Alijiua. Mimi ndiye nilimkuta. Nilikuwa nabeba hiyo kitu peke yangu mpaka nikaanza kuchambua maharagwe na Madam." Pasta akapaza sauti kumsifu Mungu, mzazi mmoja akapiga makofi, kisha hema lote likapiga makofi, wakasimama, akina mama wakajifuta machozi kwa leso. Bi. Muthoni alikuwa akilia na kucheka pamoja. Kabla makofi hayajapoa aliomba wanaounga mkono jengo wainue mikono, na mikono ikainuka kila mahali. Katika meza ya bodi mzee mmoja Singasinga, mwenye kiwanda cha nyuzi mjini, hakuinua wake. Alimwinamia Madam, nami niliyekuwa nimeinuka kuanza kuwapakulia pilau nilimsikia akiuliza, "Sasa huyu mtoto leo anarudi kwa nani?" Madam alikuwa amekwisha kuondoka kwenye kiti, akimfuata mtu wa koti la kahawia, ambaye alikuwa akielekea mabwenini bila haraka kuchukua sanduku la Mumbua.

Waliondoka kabla ya pilau kuisha. Madam alizungumza naye langoni kwa muda mrefu. Sisi tuliona mikono yake tu ikipanda na kushuka. Mumbua aliketi juu ya sanduku lake la bati akitazama barabara.

Jumatatu nilibeba beseni kama kawaida, nikampelekea msichana wa kidato cha pili ambaye hakuwa amegusa uji. Alirudisha mikono nyuma. "Mimi sina shida yoyote," alisema, kwa sauti ya kusikika na meza nzima. "Usinipeleke nikatangazwe." Nilijaribu mwingine, na mwingine. Sasa siri ya beseni lile ilikuwa imetajwa kwenye kipaza sauti. Madam alikaa kwenye mkeka wake akachambua peke yake, lakini mikono miwili haiwezi kulisha shule nzima, na mawe yalirudi kwenye githeri. Wasichana walitafuna polepole. Safari hii hakuna aliyeniita Kokoto.

Wiki moja kabla ya mtihani Madam aliniombea ruhusa, tukaenda Ngoliba. Baba mdogo alitukaribisha kwenye sebule yenye vitambaa vyeupe juu ya viti, akaagiza chai ya maziwa na mihogo. Madam aliomba kwa kila lugha aliyoijua, kwa Kiswahili, kwa Kikamba kibovu kilichomfanya mke wa mwenyeji wetu atabasamu. Alisema Mumbua aje tu kufanya mitihani, atamlaza kwake mwenyewe. Yule mzee alisikiliza hadi mwisho. Alisema pasta ameacha kumsalimia. Alisema amevuliwa uzee wa kanisa, na kwamba mkewe akienda kisimani wenzake wanamaliza kuchota haraka. "Wewe umeshamponya, mwalimu," akasema. "Mbele ya watu wote. Sasa tuachie sisi." Kuhusu mtihani, alisema mitihani iko kila mwaka. Mumbua hakuitwa; nyuma ya nyumba tulisikia sufuria zikisuguliwa kwa mchanga, kwa nguvu, bila kupumzika, muda wote tuliokuwa pale. Madam alimaliza chai yake. Njiani alisimama kando ya kichaka, akashika magoti, akakaa hivyo hadi nilipoogopa.

Kwenye chumba cha mtihani kila dawati lilikuwa na karatasi yenye jina na namba. La Mumbua lilikuwa mbele yangu. Kila asubuhi msimamizi aliweka karatasi ya maswali juu yake, kwa sababu kanuni zilisema hivyo, akangoja muda uliowekwa wa wachelewaji, kisha akaichukua. Alikuwa mtu mstaarabu. Aliichukua kwa ncha za vidole ili isifanye kelele. Nililijibu swali la insha nikiliangalia dawati hilo, na sikumbuki hata neno moja nililoandika.

Jengo lilijengwa. Lina viti laini na picha za maua ukutani, na washauri wawili vijana waliletwa, wenye shahada nzuri na moyo mzuri. Nilipotembelea shule mwaka uliofuata waliniuliza kwa nini wasichana hawaji. Madam aliondoka baadaye akawa akizunguka shule za msingi za Theta na Juja, na nasikia kila alipofika alitafuta kwanza jiko liko wapi. Siku hizi kila mtu anasema shule zinahitaji washauri zaidi, na ni kweli, nami nasema hivyo kila ninapoalikwa kusema. Nikisha kusema watu hupiga makofi, na mwili wangu hutaka kutoka nje.

Baada ya mazishi sikurudi Ruiru. Nilienda Witeithie, ambako Mumbua anasuka nywele kwenye kibanda cha mabati nyuma ya maduka. Hakuwa amesikia. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, na mikono yake ilisita kwenye kichwa cha mteja, msichana wa chuo mwenye simu, kisha ikaendelea.

"Walimzika vizuri?"

"Vizuri."

"Pasta alikuja?"

Nikasema alikuja. Nikaketi kwenye stuli. Nilimuuliza kitu ambacho kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza, kama anajuta kusema siku ile. Alifikiri huku akigawanya nywele kwa ncha ya kitana.

"Kusema, hapana. Makofi ndiyo sikuyaelewa. Mtu anakwambia baba yake alijiua, wewe unapiga makofi."

Mteja alishusha simu yake. Mumbua alivuta nywele za bandia kutoka kwenye pakiti, akazipima kwa macho.

"Kuna kitu sikumwambia Madam," alisema. "Wiki ile niliyotolewa shule, wazee wa kanisa walikuja nyumbani. Hawakugombana. Walikunywa chai, wakaomba, wakasema baba alizikwa kwa uongo. Halafu wakaenda kaburini wakang'oa msalaba wake. Baba mdogo akasema niubebe mimi niurudishe kanisani, kwa sababu mimi ndiye niliyesema."

"Ulikuwa mzito?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Mwepesi," alisema, akamwinamisha mteja kichwa, akaanza msuko mwingine. "Mbao tu. Ningeweza kukimbia nao, kama kungekuwa na mahali pa kuupeleka."